Hodi ya Taa

Ngazi za nyumba ile ya Mchafukoge zilikuwa na tabia ya kuwahi usiku. Nje, jua lingali linacheza juu ya mabati ya Kariakoo, lakini pale ndani, ukishapita kona tu, kiza kilikuwa kimeshatandika mkeka wake na kukaa. Si kwamba globu haikuwapo. Ilikuwapo, tena ndani ya kifuniko cha kioo cha rangi ya maziwa kilichobaki tangu enzi za mwenye nyumba wa kwanza. Tatizo lilikuwa swichi. Swichi ilikuwa moja, nayo ilikuwa chini, ndani ya mlango wa Mzee Umakant, na umeme wenyewe ulipita kwenye mita ya Mzee Umakant. Aliyekaa juu akitaka kushuka magharibi, ilibidi apige kelele.

Waliokaa juu walikuwa wawili tu, Mama Pantaleo na binti yake Angelina. Marehemu baba alipangishwa pale alipokuwa karani bandarini, na alipofariki wakabaki.

Mama Pantaleo hakuwa na shida na kelele. Alikuwa mwanamke wa Masasi, mnene wa sauti kuliko wa mwili. Kila jioni alisimama juu ya ngazi na beseni lake la mihogo iliyomenywa, akaita, "Enyi wa chini! Nipeni jua langu nishuke!" Naye Hemlata, mke wa Mzee Umakant, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Jaya kwa jina la bintiye aliyeolewa Tanga, alibonyeza swichi akajibu, "Shuka, Mama Panta, jua limetoka!" Mihogo ikaangwe barazani, Mama Jaya alete bakuli la chatne ya ukwaju, na wateja waanze kujipanga. Watu walitoka mpaka Gerezani kufuata mihogo ile. Wengine walisema wanafuata chatne, na ubishi huo ulikuwa sehemu ya utamu wake.

Angelina ndiye aliyekuwa na shida. Alikuwa mwalimu wa darasa la pili, ametoka chuo cha ualimu mwaka juzi tu, na mbele ya watoto sauti yake ilimtosha. Mbele ya watu wazima ilimkimbia kama kuku aliyeona kisu. Kuita "Taa!" mpaka nyumba nzima isikie? Afadhali apapase ukuta. Ngazi zile alizijua kwa nyayo, kama mpishi anavyojua chumvi kwa ncha za vidole.

Siku mambo yalipoharibika, Mama Pantaleo aliita kama kawaida, lakini Mama Jaya alikuwa amesimama mbele ya miungu yake, utambi umewashwa, kengele ndogo mkononi. Kengele ikameza mwito. Mama Pantaleo akaita tena, kimya. Mafuta yalikuwa yameshachemka barazani, wateja wanakohoa kikohozi cha njaa. Akashuka. Kwenye kona mguu ukatafuta ngazi, ukakosa. Mihogo ilifika chini kabla yake.

Hakuvunjika, Mungu mkubwa. Kifundo cha mguu kilivimba tu, naye akacheka mwenyewe akisema amekaanga mguu badala ya mhogo. Lakini habari hazina ngazi za kujikwaa. Jumapili asubuhi zilikuwa zimeshafika Buguruni kwa mwanawe mkubwa, Pantaleo, fundi wa magari, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache.

"Mama, funga mizigo," alisema kabla hata hajaketi.

"Mizigo ya nani?"

"Yako. Nimekuandalia chumba Buguruni. Hakuna ngazi kule. Ukitoka kitandani unakanyaga ardhi ya Mungu moja kwa moja."

"Na mihogo yangu?"

"Mihogo iko hata Buguruni, mama."

"Na Mama Jaya naye yuko Buguruni?"

Pantaleo alivuta kiti akaketi. Mama yake aligeuka akatazama dirishani, na Angelina akaona kitu ambacho hakuwa amekiona tangu siku ya mazishi ya baba: mama yake amenyamaza katikati ya maneno. Kule Buguruni angetunzwa, hilo halikuwa na ubishi. Angekaa kwenye kiti uani, akiletewa chai. Baraza, karai, ubishi wa chatne, yote yangebaki huku. Angekuwa mgeni anayeheshimiwa mpaka siku ya kufa.

"Kaka," alisema Angelina. Sauti ilitoka nyembamba, akaanza upya. "Kaka, shikamoo."

"Umeshaniamkia mlangoni."

"Ee. Nilitaka kusema… tukiweka swichi na huku juu. Ile globu moja, swichi mbili. Nimeona chuoni, ngazi za bweni zilikuwa hivyo. Mama atawasha mwenyewe kabla hajafungua mlango."

Pantaleo alimtazama dada yake kwa mshangao, maana hayo yalikuwa maneno mengi kwa Angelina.

"Mmekaa humu miaka yote mkiita kama watu walioachwa na treni, leo ndiyo mnakumbuka swichi? Haya. Nakupa mpaka Jumapili ya pili. Nitakuja magharibi, saa ileile aliyoanguka. Nikikuta ngazi zina mwanga na mama anashuka bila kupapasa, sisemi neno. Nikikuta kiza, nabeba godoro."

Fundi wa umeme aliitwa Fikirini, kijana wa Gerezani, suruali imejaa mifuko na mifuko imejaa maneno. Alipanda, akashuka, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole kama daktari anayepima kifua.

"Dada mwalimu," akasema, "swichi ya kawaida ni kama mtu mkaidi: ndiyo au hapana, basi. Hizi za njia mbili zinasemezana. Ya chini ikisema neno, ya juu inaweza kuligeuza. Ndiyo maana ni ghali. Swichi zenyewe mbili. Waya, nyuzi tatu kutoka chini mpaka juu. Bomba la kuficha waya. Skrubu. Na mimi mwenyewe, nina tumbo."

"Na swichi zinapatikana?"

"Madukani? Mwaka huu wa foleni za sabuni?" Akacheka. "Hazipatikani. Lakini mimi naitwa Fikirini. Nitafikiria."

Bei aliyoitaja iliangukia palepale penye fedha ya Angelina. Alikuwa ameweka akiba ya kununua kitenge cha sare kwa harusi ya rafiki yake Selina, walimu wote wavae sawa. Alikiona kile kitenge, maua yake ya zambarau, kikimpungia mkono na kuondoka zake. Akasema, "Sawa, fundi," akashangaa kwamba haikuuma sana.

"Hayo ni ya kwangu," Fikirini akaendelea, akiteremsha sauti. "Sasa kuna gharama nyingine ambayo mimi siwezi kukupigia hesabu. Umeme ni wa mita ya chini. Bila Mzee Umakant kusema ndiyo, sigusi hata skrubu. Nenda kaongee naye."

Hiyo ndiyo iliyouma. Angelina angekuwa tayari kulipa bei ya fundi mara mbili ili mtu mwingine aende.

Alisimama mbele ya mlango wa chini akapiga hodi, hodi ambayo hata yeye mwenyewe hakuisikia vizuri. Akapiga nyingine, ndogo zaidi. Alikuwa ameshageuka arudi juu na kujiambia hawapo, mlango ukafunguliwa. Mama Jaya alikuwa anatoka kumwaga maji ya mchele.

"Angelina! Umesimama hapa tangu lini, mwanangu? Nusura nikuogeshe!"

Ndani, Mzee Umakant alikuwa anasoma gazeti, miwani imemshuka mpaka ncha ya pua. Alikuwa na duka la vifungo na nyuzi Kariakoo, na anayeuza vifungo hujifunza kuheshimu vitu vidogo. Alimsikiliza Angelina mpaka mwisho, kisha akakunja gazeti mara nne.

"Mwalimu, nikuulize. Swichi ikiwa kwako, mkono ni wa nani?"

"Wangu, mzee."

"Na bili?"

"…Yenu, mzee."

"Sawasawa. Mkono wako, mfuko wangu. Hesabu gani hii? Nyinyi mnafundisha watoto hesabu hii?"

Angelina alitazama vidole vya miguu yake. Mama Jaya akaweka sufuria chini kwa kishindo.

"Na mihogo unayokula kila jioni, bili ni ya nani?"

"Mihogo nalipa. Nalipa kwa chatne."

"Chatne natengeneza mimi!"

"Ukwaju nanunua mimi!"

"Mama Panta ameanguka kwa sababu ya kengele yangu, Umakant. Kama akienda Buguruni, utakula chatne na nini? Na vifungo?"

Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ndivyo alivyofanya dukani mteja anapomshinda bei.

"Haya. Weka. Lakini sikiliza, mwalimu. Taa ni ya mtu anayepita. Mtu akishapita, zima. Nikikuta inawaka bure, hakuna mtu ngazini, naifungua globu natia mfukoni. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana, mzee. Asante, mzee. Asante, Mama Jaya." Akapanda ngazi mbio, gizani, bila kugusa ukuta.

Jumamosi Fikirini alikuja na swichi mbili ambazo hazikuwahi kuonana: moja ya kahawia, ya mviringo, ya kizamani, nyingine nyeupe, ya mraba. "Ndoa ya mseto," alisema. Ya kahawia akaifunga chini, palepale pa zamani, ndani ya mlango wa Mzee Umakant. Nyeupe akaifunga juu, nayo ndani ya mlango, ili mkono wa Mama Pantaleo uikute kabla mguu haujatoka nje. Milango yote miwili ilikuwa ya mninga, minene, haipitishi hata unyuzi wa mwanga.

Alipomaliza, sherehe ikaanza. Mama Pantaleo, mguu umefungwa kitambaa, alibonyeza juu; taa ikawaka. Mama Jaya akabonyeza chini, ikazimika. Wakapiga vigelegele. Wakabadilishana, mmoja akapanda, mwingine akashuka, wakabonyeza tena na tena, wakiitana kama wasichana wanaocheza mdako. Majirani wakaja kutazama. Mzee Umakant alitoka akisema, "Mita! Mita jamani!" lakini yeye mwenyewe alibonyeza mara mbili alipodhani hakuna anayemwona.

"Hii ndiyo Ujamaa," Fikirini akatangaza. "Globu moja, mikono miwili! Sasa sikilizeni, swichi hizi hazina juu wala chini. Cha kuangalia ni taa, siyo…" Lakini vigelegele vilimzidi, na Mama Pantaleo akamtia mhogo wa moto mkononi, na mtu mwenye mhogo wa moto mkononi haendelei na mafundisho.

Jioni ile Angelina alifanya jambo ambalo mwalimu wa darasa la pili asingeweza kujizuia kulifanya. Alikata vipande vya karatasi, akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni, herufi zimesimama wima kama watoto mstarini. Upande wa chini wa swichi: WASHA. Upande wa juu: ZIMA. Akabandika kwa gundi kwenye swichi nyeupe kwa ajili ya mama yake. Kisha akajikaza, akashuka akabandika na kwa Mama Jaya.

"Mwalimu ameandika!" Mama Jaya akafurahi. "Sasa hakuna kukosea."

Jumatatu, kengele ya Mama Jaya ililia chini. Mama Pantaleo alikuwa tayari, beseni kiunoni. Angelina akaibonyeza swichi nyeupe ikashuka kwenye WASHA, akafungua mlango kwa madaha kama anayefungua pazia.

Kiza. Kiza kilekile cha zamani, kimekaa kwenye mkeka wake.

"Labda globu imeungua," alisema mama yake.

Angelina alitazama juu penye kifuniko. Kilichomjia kichwani ni mfuko wa shati la Mzee Umakant. Juzi walibonyeza sana, walicheza na umeme wa mtu. Ameifungua. Kile kifuniko cha maziwa hakikuruhusu kuona kama ndani mna globu au hamna, na kuuliza hakuweza. Aliwasha kibatari akamshusha mama yake kwa kumshika kiwiko. Swichi aliiacha palepale kwenye WASHA, ili kama moyo wa mzee utalainika na globu ikarudi, iwake yenyewe, isimngoje mtu. Asubuhi alipoamka, kabla hajafungua mlango, akairudisha kwenye ZIMA, kwa heshima.

Jumanne hivyohivyo. Jumatano hivyohivyo. Alhamisi asubuhi alikutana na Mzee Umakant nje, akamwamkia.

"Marahaba," mzee alijibu bila kumtazama. "Mwalimu, umeme si maji ya bomba."

Maneno yale alitembea nayo mpaka shuleni, na watoto wa darasa la pili siku hiyo walifundishwa kuandika na mwalimu aliyekuwa anaandika na kufuta.

Na barazani nako mambo yalikuwa yameingia ubaridi. Chatne ilikuja, lakini ilikuja bila maneno. Mama Jaya aliweka bakuli, akasema "Haya," akarudi ndani. Wateja walikula wakitazamana. Hakuna aliyebishana kama ni mihogo au ni chatne.

"Nimemkosea nini?" Mama Pantaleo alimwuliza binti yake Jumamosi, wakipanda kwa kibatari. "Kama hawakutaka, si wangesema? Umeme ni wao. Mimi siombi jua la mtu kwa nguvu." Kisha, baada ya ngazi mbili tatu: "Lete lile sanduku la baba yako. Nianze kukunja nguo kidogo kidogo."

Jumapili magharibi Pantaleo alifika na gari la tajiri yake. Alisimama chini ya ngazi, akatazama juu. Kiza. Hakuonekana kufurahi. Alipanda akipapasa ukuta, akaingia, akaona sanduku limefungwa, akavuta pumzi kama mtu aliyetumwa kazi asiyoipenda. Akakunja godoro, akalitia kichwani, akatoka. Mama yake alisimama mlangoni amekumbatia karai lake, maana karai lile hakutaka libebwe na mtu mwingine. Chini, kengele ya Mama Jaya ilikuwa ndiyo kwanza imenyamaza.

Godoro lilimfunika Pantaleo macho. Alipofika konani akasimama.

"Angelina! Sioni nilipo!"

Angelina alikuwa amesimama ndani ya mlango, mkono umegusa ukuta chini ya swichi. Kwa mwanga hafifu wa mlangoni alimwona kaka yake ananyosha mguu mmoja hewani, anatafuta ngazi ileile mama aliyoikosa. Na hapo haya zote za miaka ishirini na mitatu zilimwishia. Alifungua kinywa, sauti ikatoka ambayo hakujua alikuwa nayo.

"Mama Jaya! Taa! Taaa!"

Njiwa waliruka kwenye dari. Chini, Mama Jaya alishtuka, akatazama swichi yake. Imeandikwa WASHA, na ipo kwenye WASHA. Lakini mwalimu analia taa! Akaipandisha juu, na ngazi zikajaa mwanga.

Sekunde hiyohiyo Angelina, kwa hofu, alikuwa ameipandisha ya kwake. Kiza.

"Ilikuwa inawaka!" alipiga kelele Pantaleo.

Mama Jaya akaishusha. Mwanga. Angelina akaishusha. Kiza. Mwanga. Kiza. Mwanga. Pantaleo alisimama konani na godoro kichwani, mguu mmoja juu mmoja chini, akionekana na kupotea.

"Mnanionyesha sinema?" alinguruma. "Mimi ndiye mwigizaji?"

Aliyekuwa wa kwanza kucheka ni Mama Pantaleo. Alianza taratibu, tumboni, kisha karai likaanza kugonga mlango, kisha akakaa kitako juu ya ngazi na karai lake.

"Angelina, toa mkono wako kwenye hicho kitu! Mama Jaya! Mama Jaya wee, na wewe toa mkono!"

Mikono ikatolewa. Taa ilibaki inawaka, tulivu, nyeupe kama maziwa yake.

"Haya. Mama Jaya, kila jioni huwa unafanya nini?"

Mama Jaya alitokea chini, mtandio umeteleza begani. "Kila jioni nawasha! Kabla ya sala, nawasha kwa ajili yako, usianguke tena. Kama mwalimu alivyoandika. Nikitoka nakuta giza. Nikasema, hao wa juu wanazima. Wamekasirika kwa maneno ya Umakant, hawataki umeme wetu. Nikasema, haya, kama hawataki."

"Sisi tunazima?" Angelina alisema. "Mimi nilikuwa nawasha!"

"Na asubuhi!" Mzee Umakant alichomoza nyuma ya mkewe. "Kila alfajiri natoka kwenda hekaluni nakuta taa inawaka bure, swichi yangu ipo ZIMA! Kila alfajiri! Nikasema, mwalimu ameamua kunifilisi."

"Ina maana globu hukuitoa, mzee?"

"Ningeitoaje? Huyu mama hakuniacha! Kila siku ananiambia, mwache, mtoto amesahau, mguu wa mama yake unauma."

Pantaleo aliteremsha godoro kichwani polepole, akalikalia. Kwenye magari alishaona mengi, na hili halikumchukua muda. "Sasa nimeelewa. Huyu akiwasha, na huyu akawasha, ya pili inazima. Mama Jaya akizima akienda kulala, inawaka mpaka Angelina aamke azime ya kwake. Nani aliwaambia chini ni kuwasha?"

Wote wakatazama vile vibandiko, herufi zimesimama wima mstarini. Angelina alijifunika uso kwa mikono miwili. Mabega yake yakatikisika, na mama yake akainuka amfuate, akidhani analia. Alikuwa anacheka mpaka machozi.

"Nimelifundisha vibaya darasa zima," alisema.

"Adhabu!" alisema Mzee Umakant, na kwa mara ya kwanza wiki ile mdomo wake ulikuwa umejipinda kwa kicheko. "Mwalimu asimame pembeni!"

Angelina alivibandua vibandiko vya juu, akashuka, akavibandua na vya chini. Lakini Mama Pantaleo aliona kwamba kubandua hakutoshi. Milango ilikuwa ileile minene, na mtu aliye ndani hawezi kujua kama mwenzake ameshawasha.

"Basi tutafanya kama watu," alisema. "Mtu haingii kwa mwenzake bila hodi. Na taa hii ni nyumba ya watu wawili. Ukitaka kubonyeza, piga hodi kwanza. Ukiitikiwa karibu, bonyeza. Ukiambiwa inawaka, fungua mlango upite zako."

Pantaleo alimtazama mama yake, akaitazama swichi nyeupe, akaitazama na ya kahawia.

"Yaani mmelipa fundi, nyuzi tatu, swichi mbili, bomba, ili muendelee kupiga kelele?"

"Zile zilikuwa kelele za kuomba," alisema Mama Pantaleo. "Hizi ni za hodi."

Kisha akaweka karai kiunoni, akashika upindo wa gauni kwa mkono mwingine, akashuka. Alipita kona bila kugusa ukuta, akampita mwanawe aliyekaa juu ya godoro, akafika chini, akageuka amtazame. Hakusema neno, jambo ambalo kwake lilikuwa hotuba.

Pantaleo akasimama, akalitia godoro kichwani, na badala ya kushuka akaanza kupanda.

"Leteni mihogo basi," alisikika akisema kutoka ndani ya godoro. "Nimetoka Buguruni na njaa."

Jioni ile barazani palikuwa hapatoshi. Mama Jaya alileta chatne mabakuli mawili na maneno ya wiki nzima aliyokuwa ameyazuia. Ubishi ulirudi mahali pake. Pantaleo, alipoulizwa kama ni mihogo au ni chatne, alijibu kwamba mdomo umejaa. Fikirini alipita na baiskeli, akasimulia kwa kila mtu kwamba yeye alisema, alisema mapema, ila alizibwa mdomo kwa mhogo. Mtu akamziba tena.

Kesho yake, Jumatatu, kiza kilipoanza kutandika mkeka wake, Angelina alisimama ndani ya mlango, mama yake nyuma yake na beseni. Alinyosha mkono kwenye swichi nyeupe. Ilikuwa tupu sasa, haina neno. Jana alipiga kelele kwa sababu ya hofu, na hofu humkopesha mtu sauti. Leo ilibidi atumie ya kwake.

"Hodi," akasema.

"Hiyo hata mimi sijaisikia," alisema mama yake.

Angelina alifumba macho.

"Hodi taaa!"

Chini kengele ikasitishwa katikati, kisha zikaja sauti mbili kwa pamoja, moja ya mwanamke na moja ya mzee muuza vifungo: "Karibuuu!" Na nje, ng'ambo ya barabara, fundi viatu ambaye halikumhusu hata kidogo, naye akaitika, "Karibu, mwalimu!"

Angelina alibonyeza, akafungua mlango. Ngazi zilikuwa nyeupe mpaka chini.